Karavani Yenye Ilinukia Rangi Mupya

Wamama, wapapa, mubaki mumekaa. Hii habari yangu haina wimbo, na kicheko chake kilikuwa cha watu waliotucheka.

Munanijua, ninatunza wazee kwa nyumba zao. Bwana yangu alikuwa anapanga mizigo kwa depo, kule Anderlecht. Alikomaa Bukavu, karibu na ziwa, na tangu tufike Ubelgiji alikuwa na hamu moja: kuamuka asubuhi na kusikia maji. Hoteli za bahari hatuziwezi. Donc akasema, tununue karavani ya zamani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, gari yetu itaivuta.

Muuzaji alikuwa muntu wa kwetu kabisa. Jina sitalitaja, hata mukinifuata mpaka kwa mulango. Ndani mulinukia rangi mupya, ukuta umebandikwa karatasi ya maua, chini tapi, zulia mupya. Bwana yangu akauliza kama maji haiingie.

"Papa, nitauzia ndugu yangu kitu kibovu?"

Alors akaweka mukono juu ya karavani, akaomba Mungu atulinde kwa barabara. Tukaitika amina. Ndugu zangu, nawaambia: alikuwa anaombea mbao zilizooza, na alijua.

Tulifika bahari na mvua. Asubuhi yake maua ya ukuta ilikuwa imevimba kama tumbo. Bwana yangu akasimama atie kahawa. Chini ya tapi hakukuwa tena mbao, kulikuwa uji. Muguu yake ikapita mpaka inje, ikavunjika kwa chuma ya chini. Jirani mumoja akaita ambulansi. Wengine wakatoa simu, wakapiga picha ile muguu inaninginia chini ya karavani. Walikuwa wanacheka, naye anawasikia.

Nikapigia muuzaji.

"Papa ameumia! Sakafu imeoza!"

"Maman, karavani ni ya kulala. Nani alimutuma kutembea ndani?"

Akakata. Kisha namba yake haikupita tena.

Kwa hospitali walimupasua muguu, wakamupasua tena. Kazi ya depo ikaisha, maana ile kazi ni ya kusimama. Watu wa kwetu walioona zile picha wakamupa jina, "Monsieur Karavani". Akaacha kutoka, hata kanisani. Nikirudi kazini ninamukuta amegeukia ukuta.

Bon. Siku moja maman mumoja wa hiki kikundi, yuko hapa anainamisha kichwa, alikuja na sombe, majani ya muhogo ya kupikwa. Hakusema pole. Aliuliza, "Papa, ile maji ulienda kusikia, uliisikia?"

"Nilisikia watu wanacheka."

"Basi bado haujafika bahari."

Bwana yangu akamufukuza! Kweli, alimufukuza, na sombe yake. Lakini tulipobaki wawili akaniambia, "Tafuta ingine."

Maman huyo akarudi, tukaanza kutafuta pamoja, siku za mvua tu, maana mvua inaonyesha penye maji inaingia. Kule Berchem, ndani ya karavani moja, nilifinya kona za ukuta na kidole gumba, kikaingia. Mwenyewe akapiga kelele, "Madame, unaharibu!" Nikamuambia, "Kama kidole kinaiharibu, iliharibika kabla yangu." Tukatoka.

Ile tulinunua ilikuwa mubaya wa sura na ilinuka imbwa. Lakini wazee wenye kuiuza walituacha tuinue magodoro, tufungue kabati zote, tulale chini kuangalia chuma. Namba ya kwa karatasi za karavani ilikuwa ile ile imechongwa kwa chuma yake. Fundi akapima gasi, akahakikisha gari yetu inaweza ule uzito. Bwana yangu alilala ndani yake karibu na bahari, kavu. Fimbo hataiacha tena.

Juzi, kwa barabara ya Chaussée d'Ixelles, tulikutana na yule muuzaji. "Papa, muguu inaendelea?" Akatabasamu, akapita. Nasikia anauza bado.

Aksanti kwa wenye walileta chakula, kwa wenye walimubeba bwana yangu kwa ngazi, na kwako, maman, uliyefukuzwa na ukarudi. Funzo langu ni dogo: muntu anayekukataza kugusa, usimupe pesa, hata mukiomba pamoja. Na kama kuko mwenye anaenda kuona karavani, asiende peke yake. Aniite. Tutangoja mvua inyeshe, kisha tutaenda.