Mama Bado Anastaafu, Sampuli Bado

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Huo ndio muda aliotumikia maabara yetu ya maji mpimaji mkuu anayestaafu leo, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye jalada. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, tunamwita Mama Bado.

Alianza kwa kuosha chupa, enzi ambazo maabara ilikuwa chumba kimoja chenye sinki lililopasuka na dirisha lisilofunga. Akasoma masomo ya jioni, akafaulu, akapanda. Amefundisha wapimaji kumi na wawili, na wote wanakiri kwamba alikuwa mkali kama pilipili, ila ukiumwa ndiye wa kwanza kubisha hodi. Inasemekana siku alipopelekwa ukweni alichungulia mtungi wa maji kabla ya kusalimia. Wifi zake hawajamsamehe mpaka leo.

Jina la Bado alilipata miaka kumi na saba iliyopita. Mgeni mheshimiwa alikuwa afungue bomba jipya saa nne asubuhi. Sampuli ya maji ya bomba hilo iliingia kwenye kabati la joto saa nane mchana wa siku iliyotangulia, na kipimo cha vijidudu hutaka saa ishirini na nne kamili. Meneja wa wakati huo akamletea cheti cha maji salama atie sahihi. Akaandika neno moja: Bado.

Akabembelezwa. "Dada, zimebaki saa chache tu! Vijidudu gani hao wanaofuata ratiba?"

"Hao hao," akajibu. "Kadi ya mwaliko hawakuipata."

Kaka yake akapigiwa simu aje amkanye asiuaibishe ukoo. Akaja, akavutiwa kiti, akaambiwa angoje naye. Kule nje mgeni akatota jasho chini ya turubai. Kwaya ikaishiwa nyimbo, ikaanza upya. Saa nane kamili, mama akafungua kabati, akasoma, akatia sahihi: Salama.

Na hapo ndipo alipoponzwa. Maji yangekuwa machafu, angeitwa shujaa. Kwa kuwa yalikuwa safi, akaitwa mkaidi, akahamishiwa stoo ya makaratasi miezi kumi na moja. Wakati wa chakula tuliihama meza yake, na wa kwanza kubeba sahani nilikuwa mimi. "Mama Bado" lilikuwa tusi letu. Yeye akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye kikombe chake cha chai.

Basi tuache unafiki. Leo kila mtu anasimulia jinsi alivyomuunga mkono. Siku ile hakuonekana hata mmoja. Watu wenye msimamo tunawapenda wakishafungasha. Tena tunamsifu kwa sababu isiyo yake: hakudai kwamba maji ni machafu. Alikataa kusema anajua wakati hajui. Kushinda ubishi kuna makofi yake; kukiri kwamba hujui, mbele ya umati unaotaka kusikia ndiyo, hakuna anayekupigia hata kofi moja.

Alirudishwa maabara kwa sababu moja. Mpimaji aliyewekwa badala yake naye aliletewa cheti kabla ya saa, naye akaandika Bado. Alikuwa mwanafunzi wake. Meneja akakumbuka kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Leo mchana ofisi ya utumishi imempa fomu ya makabidhiano. Funguo, vyema. Vifaa, vyema. "Kazi zote zimekamilika": ameandika Bado. Kuna sampuli aliyoiingiza kabatini leo saa nane. Kesho, siku yake ya kwanza ya ustaafu, atakuja kuisoma mwenyewe. Mlinzi ameshaambiwa amfungulie geti. Nami nitakuwa mezani kwake, na sahani yangu, kama atanikubali.

Asante, Mama Bado. Siku zako zilizo mbele ziwe tulivu kama maji yaliyotua. Na yeyote akikuharakisha, jibu unalo.