Samaki wa Mke wa Kinyozi

Benchi liko mlangoni kwa kinyozi, mguu wake mmoja juu ya tofali. Hapo kila asubuhi hukaa watu wazima wenye kazi zao, wakinywa kahawa ya Mama Birika kana kwamba kazi zitajifanya zenyewe. Siku hiyo kinyozi hakunywa. Mkewe muuguzi alikwenda mafunzoni wiki mbili, akamwachia jambo moja tu: samaki wake mpiganaji, mwekundu, mkia kama gauni la bibi harusi, anayeishi peke yake katika tangi dogo. Kwa uangalifu wake mwingi, kinyozi akamtoa nyumbani akamleta kazini, mezani chini ya kioo kikubwa, kati ya poda na mashine, amwone saa zote. Sasa mkia umebaki kama kitana kilichong'oka meno, chakula hataki, na mke anarudi mchana huu.

— Maji hayo, alisema Mama Birika. Huyu anataka ya uvuguvugu.

— Nimeyapima kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga.

— Basi nyumba inambana, alisema Kipimo, fundi cherehani, utepe shingoni. Mkia ule ni mita nzima ya hariri, nawe unamvisha tangi la kiuno namba ishirini na nane! Lazima achanike.

— Muuzaji kasema linamtosha.

— Muuzaji! alikohoa Hakimu. Jina hilo alilipata kwa miaka ya kulinda mlango wa mahakama, na kesi zote alizisikilizia kwenye tundu la ufunguo. Tueleze kwanza, alisema, ulivyomchagua.

— Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na chupa yake, na kati ya chupa na chupa kipande cha kadibodi.

— Kadibodi ya nini?

— Zisigongane zikapasuka, ya nini tena? Mke wangu alimtaka mmoja mtulivu. Mimi nikasema huyu, aliyetunisha mashavu. Dume kamili.

— Ndiyo hapo! Ulimtenga na wenzake, amegoma kula. Mahabusu nimewaona.

— Mtafutie mwenzake, alisema Kipimo.

— Watauana, alisema Mama Birika.

— Afadhali afe ana wa kuzungumza naye.

— Mazungumzo ndiyo yanayomuua! Asubuhi mpira, mchana siasa. Hata mimi mkia ungeninyonyoka.

Wakacheka. Kinyozi hakucheka. Mkewe akitoka wodini hukaa mbele ya tangi na viatu miguuni mpaka uso ulegee. Kazi hiyo samaki aliiweza kuliko mume, na mume alijua.

Akaja mwashi, saruji mpaka viwikoni, kupunguza ndevu. Shavu moja lilipokwisha, akauliza:

— Bwana, samaki wako anapigana na nani?

Benchi zima likageuka. Samaki alikuwa ametunisha mashavu, mapezi wazi, anauvamia ukuta wa tangi. Na mle ndani ya kioo kikubwa, samaki mwekundu mwenye mkia mbovu alikuwa anamvamia vilevile.

— Kutwa yuko hivyo, alisema kinyozi polepole. Nikadhani ni furaha.

— Kumbe ile kadibodi, wasionane... alianza Hakimu, akajaza kinywa kahawa.

Kinyozi akachomoa taulo shingoni mwa mteja, akalitundika juu ya kioo. Samaki akazunguka mara moja, akazunguka tena, mapezi yakalala. Akapanda juu, akavuta hewa, akadokoa punje iliyokuwa ikielea tangu alfajiri.

— Na mimi nitajionaje? aliuliza mwashi.

— Tutakwambia sisi, alisema Kipimo.

— Nyie? Kila siku mko hapo, mmeshindwa kuwaona samaki wawili!

Mara mke wa kinyozi akaingia. Akatua begi. Akatazama taulo, akatazama mkia, akavuta kigoda akakaa mbele ya tangi na viatu vyake miguuni. Mumewe alisimama na mashine mkononi, haiwashi wala haiweki chini.

— Mkia utaota tena, alisema mke hatimaye. Haya, mmalizie huyu baba shavu la pili.