Jonah Kitheka Nthiwa na Kisiwa Chake cha Siku Nne

Wasifu huu umeandikwa Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, na mawingu yamekaa juu ya vilima vya Mutonguni tangu asubuhi. Utasomwa Jumamosi na Kiema, mdogo wa marehemu, ambaye maisha yake yote hutaka mambo yaishe mapema, na safari hii ana sababu. Kati ya hema mtakamokuwa mmeketi na kaburi lenyewe kuna mto wa mchanga. Leo ni mkavu. Jana mtu wa huko juu alipiga simu kusema kwao imenyesha. Kwa hivyo mtuwie radhi tukisoma kwa haraka kidogo, na anayetaka kulia alie huku akisikiliza.

Jonah Kitheka Nthiwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa nyumbani, karibu na soko la Tulia, Kitui. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nthiwa Mbuvi na Mama Katunge, ambao wote wametangulia. Jina la Jonah alipewa kanisani. Baadaye alipoanza kwenda baharini, watu walimtania kwa ajili ya jina hilo na yule samaki wa kwenye Biblia, naye akacheka pamoja nao. Mkewe Kasyoka hakucheka hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi papa hapa Tulia kuanzia 1966 hadi 1972. Walipofika darasa la sita waliambiwa wachore ramani ya Kenya. Kitheka alichora vizuri, kisha akaweka vidoa vidogo vidogo ukingoni, upande wa bahari. Mwalimu alidhani kalamu imevuja, akamkata alama. Kitheka akasimama, akasema, "Mwalimu, hiyo si wino. Hiyo ni kwa watu." Alipewa viboko viwili na hakukubali kufuta. Hakuna aliyejua mtoto wa nyumba ambayo maji yaliletwa na punda alikuwa ameitoa wapi hamu ya visiwa, na alipoulizwa alisema tu kwamba angependa kuwa na shamba ambalo ukisimama katikati unaona mwisho wake pande zote. Kutoka 1975 hadi 1977 alisomea ufundi wa injini za dizeli mjini Machakos.

Mwaka 1979 aliajiriwa na idara ya maji, akapelekwa Kyuso kutunza mashine za visima. Ilikuwa kazi ya jua na vumbi, na aliifanya kwa moyo. Mwaka 1983 alitumwa Matiliku, Makueni, kusaidia kutengeneza mashine ya kusaga unga iliyokuwa imekataa kuwaka. Kwenye foleni alikuwako msichana aliyeitwa Kasyoka, binti wa Mzee Kiilu, na debe lake la mahindi. Kitheka akamwambia, "Ngoja tu saa moja, itakuwa tayari." Mashine ilinguruma jioni. Wengine wote walikuwa wameshaondoka wakimsonya, na Kasyoka alikuwa bado ameketi juu ya debe. Alisema baadaye kwamba hakungoja kwa sababu ya mapenzi, alingoja kwa sababu kwao hakukuwa na unga. Mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kuposa kwa mila yetu, walipelekwa Matiliku mwaka uliofuata, na harusi ikafanyika kanisani tarehe 22 Desemba 1984. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tuje kwa bahari, ambayo wengi wenu mmeingoja. Kule Kyuso, Kitheka alifahamiana na Abdulkadir Haroun, mfanyabiashara wa Mwingi ambaye familia yake ilitoka pwani. Mjomba wake Abdulkadir alikuwa na mashua Lamu, na injini yake ilikuwa imewashinda mafundi. Mwaka 1986 wawili hao walishuka kwenda kuiangalia. Kitheka alimwambia Kasyoka anaenda siku nne. Alikaa miaka ishirini na saba, akitengeneza injini za wavuvi na kurudi nyumbani kila likizo. Alituma chochote alichopata na hakuna mtoto wake aliyefukuzwa shule. Hilo lazima lisemwe, kwa maana kuna watu hapa waliosema mengine.

Ijumaa wavuvi wengi hupumzika. Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yake. Alikuwa na kimashua cha faiba cha watu wanne na injini ndogo aliyoiunganisha mwenyewe kutoka kwa tatu zilizokufa. Alikwenda Manda, Pate, Ndau, Kiwayu, na vile vingine vidogo ambavyo wenyeji huvipita tu bila kuangalia. Kila kisiwa alikiandika kwenye daftari: kina maji au hakina, kuni zipo au hazipo, udongo wake unaweza kuotesha ndengu au la. Aliandika arobaini na vitatu. Chini ya kila kimoja aliandika neno moja, "mwenyewe", kisha jina, na kila mahali palikuwa na jina.

Isipokuwa kimoja. Agosti 1991 alikiona kisiwa kidogo cha mchanga mweupe, ndege juu yake na mtu hakuna. Hapo akafanya kosa ambalo hata Abdulkadir anasema lingeweza kufanywa na Mkamba peke yake. Hakumwuliza mtu yeyote. Huku kwetu ukiona shamba halina mwenyewe hulitangazi, unaweka mpaka kwanza ndipo uongee. Alikuja nyumbani likizo, akang'oa miche ya makonge kwenye mpaka wa shamba la baba, akaijaza gunia, na akasafiri nayo hadi Lamu huku akiwaambia wenzake kwenye basi ni dawa. Akaenda peke yake na kuipanda kisiwa kizima, mche kwa mche, mstari umenyooka. Akamwandikia Kasyoka barua: "Nimepata shamba lisilo na jirani."

Alichokuwa hajui ni kwamba alipanda siku za maji mafu, wakati bahari haipandi sana. Siku nane baadaye, ikiwa ni bamvua, bahari inapopanda kuliko siku zote, alimpeleka Abdulkadir kumwonyesha. Walizunguka na injini mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Hapakuwa na kisiwa. Makonge yalikuwa yanaelea. Abdulkadir alijitahidi asicheke, ikamshinda. "Kitheka, ndugu yangu," akasema, "ile haikuwa kisiwa. Ilikuwa mchanga imepumzika." Tangu siku hiyo Kitheka hakuita mahali popote kisiwa kabla ya kupaona maji yakiwa juu kabisa. Jambo hili mlikumbuke, tutalirudia.

Kasyoka alikuwa ameficha ile barua ya shamba. Hakuogopa kuchekwa. Aliogopa bahari. Alizaliwa mahali ambapo mtu huomba maji kwa Mungu, na sasa kila Ijumaa aliomba yapungue. Hakwenda sokoni Ijumaa. Hakufua. Alichagua ndengu na kuzichagua tena mpaka zisibaki na kokoto hata moja. Aliwahi kumwambia shemeji yake, "Akifa kwa barabara, nitaletewa. Akifa kwa hospitali, nitaletewa. Lakini hiyo maji, nani ataniletea?"

Mwezi wa sita mwaka 1998 ilitokea. Injini yake ilizimika mbali, upepo ukamchukua, na siku tatu hakuna aliyejua aliko. Ujumbe ulifika Tulia kupitia simu ya dukani. Watu walikusanyika. Siku ya tatu mmoja alimwendea Kasyoka na kumwambia kwa upole kwamba huenda ingefaa kuchimba kaburi, wazike koti lake, watoto wapate mahali pa kuangalia. Aliyesema hivyo ni Kiema, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya, na hajui kama amewahi kusamehewa sawasawa. Kasyoka hakuinua uso. "Mimi siziki koti," alisema. "Nileteeni mtu."

Siku ya nne wavuvi walimkuta kwenye kisiwa chenye kisima cha maji ya chumvi, midomo imepasuka, daftari kavu ndani ya shati. Kasyoka alipanda basi mara yake ya kwanza kwenda pwani. Alifika Mokowe, ambapo watu huvuka kwa mashua kwenda Lamu, akaketi gatini na mkoba mapajani, akakataa kuvuka. Ikabidi mgonjwa ndiye amfuate. Walizungumza hapo hapo mbele ya wapagazi. Hakumwambia aache. Alimwambia, "Niahidi kitu moja tu. Utazikwa kwa udongo naweza kanyaga." Kitheka akaahidi. Miaka iliyobaki alipiga simu kila Ijumaa kabla ya kutoka na baada ya kurudi, na katikati ya simu hizo mbili Kasyoka hakula.

Kununua kisiwa hakuwahi. Aliuliza kwingi, akajibiwa kwa heshima kwamba hapa babu zetu huanika nyavu, na pale tumezika. Mwanamume wa Ukambani analielewa jibu la namna hiyo, akafunga daftari. Mwaka 2013 alistaafu na kurudi nyumbani na kile kimashua juu ya lori, na soko zima likasimama kuangalia. Kuku wamekuwa wakitagia humo tangu wakati huo.

Wakati baba alipogawa shamba, Kitheka hakuwepo, na aliachiwa kipande ambacho wengine walikikataa: ile nundu ya mawe na miiba iliyo katikati ya mto, mahali mto unapogawanyika na kukutana tena. Novemba ile ya kwanza mto ulikuja. Kitheka aliingia jikoni akidondosha maji, anatetemeka. "Kasyoka, niko na kisiwa." Kasyoka akamwambia, "Hiyo ni mawe. Vua hizo nguo." Maji yalizunguka nundu siku nne kisha yakashuka. Yeye, aliyekuwa amefunzwa na makonge, hakutangaza. Alikwenda kupiga kigingi mahali maji yalipofikia, akaandika tarehe. Akafanya hivyo kila msimu, miaka kumi na miwili. Kigingi cha juu kuliko vyote alikipaka rangi nyekundu, ni cha mafuriko ya Mei 2024. Kutoka hapo hadi kileleni ni urefu wa mtu mzima na mkono wake umeinuliwa. Ndipo akaandika cha arobaini na nne, na penye "mwenyewe" akaandika jina lake.

Ugonjwa ulianza mwaka 2023 kwa miguu kuvimba. Moyo ulikuwa umechoka. Mwaka huu alihamia mjini Wote, Makueni, kwa binti yake Mbithe, awe karibu na matibabu. Daktari alieleza kwamba maji yanajaa kwenye mapafu. Kasyoka alisikia neno maji, akashika kitanda kwa mikono miwili. "Hata huku imekufuata?" Kitheka alimshika kidole, akamwambia, "Hii ni kidogo." Haikuwa kidogo. Jumanne tarehe 4 Novemba, asubuhi, aliuliza yuko wapi. Kasyoka akamwambia ni Wote. "Basi nimetimiza," alisema. "Ni nchi kavu." Alifariki saa tano, akiwa na miaka sitini na saba. Kuhusu nundu hakuacha ombi lolote.

Kwenye kikao cha familia, Kiema alikuwa ameshaonyesha vijana mahali pa kuchimba, kando ya baba. Kasyoka akasema hapana, atapelekwa kule katikati. Kiema alipinga, na alipinga kwa sauti, kwa sababu anaujua mto ule na anajua mwaka huu mvua imeanza vibaya. Kasyoka hakubishana. Alileta daftari, akalifungua kwenye vigingi, akasema, "Soma." Kiema akasoma tarehe zote mpaka kile chekundu.

"Na mto ikikuja, hutaweza kumfikia?" akamwuliza.

"Nitangoja ishuke. Kungoja najua," Kasyoka akamjibu. "Mimi niliomba kaburi ya kukanyaga, na alinipatia. Aliacha bahari akakuja kufa kwa kitanda. Sasa na yeye apate yake."

Kaburi lilichimbwa jana, juu kabisa ya kigingi chekundu. Waliochimba wanasema chini ya mawe kuna udongo mwekundu mzuri.

Marehemu ameacha mjane, Kasyoka Kitheka, watoto Mbithe, Nthiwa na Kiilu, wajukuu watano, ndugu yake Kiema, rafiki yake Abdulkadir, aliyefika kutoka Mwingi Jumatatu na hajalala vizuri tangu hapo, na jamaa na majirani wengi wa Tulia, Kyuso, Matiliku na Lamu.

Utaratibu ni huu. Mto ukiwa mkavu, tutavuka kwa miguu, tuzike, na kila mtu arudi upande huu kabla ya chakula. Mto ukiwa umekuja, hakuna atakayekimbilia maji. Tutangoja yatulie, hata kama ni siku nne, na Abdulkadir atavusha jeneza kwa kile kimashua. Kuku wameshaondolewa na matundu yamezibwa. Nafasi ni ya jeneza, mwendeshaji na mtu mmoja. Kiema alijitolea, akaambiwa nafasi imechukuliwa. Kasyoka, ambaye hajawahi kutia mguu ndani ya mashua, alikwenda jana kukijaribu kikiwa pale uani, juu ya mchanga mkavu. Aliketi mbele na mkoba mapajani, akashika kingo, akamwuliza Abdulkadir kama kinayumba sana. Akaambiwa kinayumba kidogo. "Basi nitashika yeye," akasema.

Jonah Kitheka Nthiwa, lala salama kwako, na maji yakupite pembeni.