Wasifu wa Mwalimu Tomé Campira, Aliyefundisha Akiutazama Ukuta

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Tomé Saene Campira alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Caia, kando ya Zambezi, mtoto wa nne wa mzee Saene aliyekuwa kibarua wa reli. Alizaliwa Msena. Tunaomba mlikumbuke hilo, maana wakubwa wa elimu walilisahau.

Alisoma shule ya misheni, ambako mtoto aliyeponyokwa na Kisena alivishwa ubao shingoni mpaka jioni. Marehemu aliuvaa sana. Alisema ndiyo sare pekee aliyopewa bure. Mwaka 1983 alihitimu ualimu Beira, na mwaka 1985 akapangiwa shule yetu ya Mutipasse, huku Nampula kwa Wamakua. Hapo alifundisha kwa Kireno, akapiga marufuku Kimakua darasani, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Mtoto akilia kwa Kimakua, aliombwa alie kwa Kireno.

Agosti 1989 alimwoa mama yetu mdogo, Rosalina Muapala, akahamia uani kwa mama mkwe wake, bibi Anchia. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Kwa mwili aliokuwa nao marehemu, majani ya Mutipasse yaliteseka. Walijaliwa mabinti wawili, Zaida na Celeste, na nyumbani walizungumza Kireno.

Februari 2017, shule ikiwa imeshafunguliwa, uliletwa waraka. Mkurugenzi wa shule, mama Ludovina, akamwita.

"Mwalimu, kuanzia Jumatatu hesabu ni kwa Kimakua. Kusoma kwa Kireno. Jumatano Kiingereza kidogo."

"Mama mkurugenzi, mimi Msena."

"Umeoa hapa. Karakata, ugali wetu wa muhogo, umekula miaka yote hii."

"Kula nimekula, mama. Karakata haijawahi kuniuliza kitu."

"Basi mkaguzi anakuja Juni. Asiyeweza ananyang'anywa darasa, anakwenda stoo kugawa chaki."

Mnaojua uani kwetu mnajua mkwe aliyeshushwa kazi anavyotazamwa. Mkeka wake hukunjwa bila yeye kuulizwa. Marehemu hakulala. Alimwomba mkewe amfundishe, lakini kila alipotamka neno, Rosalina alicheka hadi akamwaga unga. Akabaki mtu mmoja mwenye subira, naye ni bibi Anchia, asiyetazamika. Wakapatana hivi: bibi akae ndani ya ua wa mabua, marehemu akae nje, ameupa ua mgongo.

"Sema tena, mkwe."

"Nimesema, mama."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nakwambia sema tena."

Kufikia Mei alikiweza. Tatizo moja tu: alijifunza bila kutazama uso wa mtu, na kila alipotazama uso wa mtu kilimtoka chote. Hivyo hesabu alifundisha akiutazama ukuta, akigeuka kwa watoto anarudi kwenye Kireno. Watoto hawakuelezwa kitu. Walidhani ndiyo adabu ya somo.

Juni akaja mkaguzi, bwana Alfiado Cossa, mtu wa kusini asiyejua Kimakua hata cha kuombea maji. Akauliza kwa Kireno saba na sita ni ngapi, wajibu kwa lugha ya mama. Darasa zima likasimama, likampa mgongo, likauambia ukuta jibu.

"Mbona wananigeuzia mgongo?" akauliza mkaguzi.

Mama Ludovina, ambaye naye hakujua sababu, akajibu, "Ni mbinu, bwana."

Mkaguzi akatikisa kichwa kama anayefahamu. Marehemu akaachiwa darasa lake, na mwaka uliofuata walimu wa shule tatu za jirani wakaja kujifunza mbinu hiyo. Alijaribu kuwaeleza kwamba si mbinu. Wakaandika hata hilo. Lakini watoto wake walijua hesabu kuliko wa miaka yote ya Kireno, na kwa nini, familia mpaka leo haielewi.

Januari 2024 alianza kuugua figo. Mei, akiwa amelazwa Nampula mjini, alipelekewa waraka mwingine uliopangua ule wa kwanza. Aliomba asomewe mara mbili. "Nitauelewa nikipona," akasema. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Julai 2024.

Ameacha mjane, Rosalina, mabinti, Zaida na Celeste, wajukuu wanne, darasa lake la pili, ambalo walimu wote waliopo hapa wanakwepa kulitaja wasije wakapewa, na mama mkwe, bibi Anchia, aliyekataa kusogea kwenye jeneza. Amesema mtu akifa heshima yake haifi, na kwamba mkwe wake anamjua kwa sauti, inatosha.

Mwalimu Tomé apumzike kwa amani, na huko alikokwenda wasimbadilishie lugha katikati ya mwaka.