Muhuri wa Bi Mabruka na Ubao wa Chini ya Ngazi

Baada ya miaka ishirini na tisa nyuma ya dirisha la Ofisi ya Wanafunzi, Bi Mabruka Abdalla anastaafu tarehe 31 Desemba 2005. Katika muda huo chuo chetu hapa mjini kimebadilisha Mkuu wa Chuo mara saba na mapazia mara mbili. Karani wa muhuri hakikumbadilisha.

Alitoka Mombasa akiwa mpiga chapa, na mwaka uliofuata akakabidhiwa muhuri wa kuidhinisha matangazo. Sheria ni ile ile mpaka leo: karatasi isiyo na muhuri haibandikwi kwenye ubao wa chini ya ngazi. Kwa hiyo, tusifichane, mama huyu tunayemuaga kwa keki aliajiriwa kutuziba midomo. Kazi hiyo aliifanya vibaya sana.

Alijiwekea masharti yake mwenyewe. Kwanza, tia jina lako. Halafu, lete na anayekupinga, karatasi zenu zigongwe muhuri pamoja na kubandikwa bega kwa bega. Haron wa Umoja wa Wakristo alihangaika wiki nzima kutafuta mpinzani wa mkesha wa maombi. Alimpata jirani yake wa hosteli, ambaye alikuwa na mengi ya kusema kuhusu ngoma.

Kura ya maoni ilipokaribia mwaka huu, Mkuu wa Chuo alipiga marufuku habari zote za ndizi na chungwa, alama za waliounga mkono katiba mpya na walioipinga. Kantini, kwa uoga wake, ikabaki na mapapai tu, ambayo hayakuwa na msimamo. Mdahalo wetu wa wanafunzi kuhusu katiba ukafutwa, ukumbi ukatiwa kufuli.

Mimi nina haya. Nikiulizwa jina darasani, naangalia viatu. Lakini kufuli lile liliniuma, nikaandika ukurasa mmoja kwamba chuo kinachoogopa mdahalo kifunge madarasa kiuze sare. Nikausukuma dirishani bila jina.

"Hii kaandika nani?"

"Mwanafunzi, Bi."

"Mwanafunzi gani, mwanangu? Ubao huu haupokei za majini."

Nikarudi nayo nyumbani Mutuini. Nikaja nayo, nikarudi nayo, mpaka ikapata doa la chai. Niliogopa kufukuzwa, na kwetu mimi ndiye wa kwanza kukanyaga chuo; kanisani walikuwa wameshanitangaza. Mwishowe nikaandika jina, herufi kama mchanga.

"Kubwa kidogo," akasema Bi Mabruka. "Mimi mzee."

Ken wa mwaka wa tatu akajitolea kunipinga. Aliandika kwamba mimi ni mtoto, nirudishwe sekondari nikamalizie uji. Tulipobandikwa, watu walijaa mpaka ngazi ikazibika.

Mkuu akashuka mwenyewe, amefura. Bi Mabruka akamsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

"Mheshimiwa, nafasi ipo. Andika yako, tia jina, nikugongee."

Tukajua kazi yake imekwisha, na masomo yangu pia. Asubuhi yake tukakuta karatasi ya Mkuu katikati ya zetu, kali kweli kweli, muhuri umekaa upande. Hakuna aliyefukuzwa. Wiki hiyo kufuli likatolewa, eti ukumbi upigwe deki, nasi tukafanya mdahalo wetu miguu ikiwa majini.

Makala hii nayo imepita dirishani. Nilikuwa nimeandika chini "Jamii ya Chuo". Akanirudishia nitie jina. Halafu akauliza anayempinga yeye yuko wapi. Nilizunguka chuo kizima nikakosa mtu, mpaka Mkuu akasema ataandika. Maoni yake yako ukurasa unaofuata. Anadai Bi Mabruka ni mkaidi, na ushahidi anao.

Bi, asante kwa kila karatasi uliyoturudishia. Ufike kwenu Kisauni salama, upate afya, usingizi wa mchana na majirani wabishi.

WANJIRU KIHARA
Mwaka wa Kwanza