Barua ya Nyatichi

Mheshimiwa Chifu, Bwana Meneja wa shamba, Mchungaji wetu, wazee, akina mama, wafanyakazi wenzangu wachuma chai, na wewe binti yangu Nyatichi uliyekaa karibu na mlango: chamgei. Najua mnacheka. Mimi Kebaso, mtu wa Kisii, nimeishi kati yenu miaka ishirini na saba, na salamu yenu ya Kikipsigis bado inanitoka kama mtu anayetafuna kiazi moto.

Nimechoka, ndugu zangu. Nasema mapema ili mtu asitarajie hotuba ya kuchangamsha. Bwana Meneja, katika kuniaga leo ninapostaafu, amenisifu kwamba tangu mwaka wa sitini na tisa hakuna ndege iliyogonga mnyama katika kiwanja chetu cha ndege, kile cha nyasi. Ni kweli. Lakini mnajua kazi yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa kufukuza ng'ombe. Ng'ombe wa Mzee Kipruto, ambaye namwona pale anaangalia chini, walipenda nyasi za kiwanja kuliko za kwao. Kila niliposikia ndege upande wa Sosiot nilipanda baiskeli nikawatoa, nikaangalia soksi ya upepo, ule mfuko mwekundu juu ya mlingoti unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi, ndipo nikapunga kitambaa cheupe, ndege ikashuka. Haya magoti yanayotetemeka mbele yenu, walioyamaliza ni ng'ombe wa Kipruto.

Nyatichi alikulia kiwanjani. Angali mdogo aliniambia, "Baba, upepo umegeuka," nami nikitazama, kweli umegeuka. Alijua hata mvua ya mawe ya alasiri itafika saa ngapi. Alipomaliza shule akasema anataka kuwa rubani, nani kati yenu alimcheka? Hakuna. Mlichanga, Wakipsigis kwa Wakisii, wa shamba na wa soko, akaenda Nairobi akasoma, akarudi na leseni. Kwa hiyo msichana huyu si wangu peke yangu, na kosa nitakalolisema sasa nimewakosea nyinyi pia.

Mwaka huu aliomba kazi mahali pawili. Kampuni ya kwanza ni ile ndogo yenye ndege za watu tisa, inayotuletea wageni wa chai Jumanne na Alhamisi. Hao walimwambia njoo hata kesho. Ya pili ni kubwa: ndege za watu arobaini, Entebbe, Mwanza, Kigali, na rubani mpya hukaa mwaka mzima kando ya kapteni mzoefu akifundishwa. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Nami, niliyeona vijana wa ndege ndogo wakishuka peke yao kutoka kwenye mawingu ya saa tisa, wakitoka nje meno yakigongana, nilijua ipi ni bora. Nilijua kuliko mtu yeyote katika ukumbi huu.

Aliwaomba wale wadogo wamsubiri mwezi mmoja, akaja nyumbani kungoja barua. Barua zetu huja kwa sanduku la posta la shamba, na anayezichukua ofisini ni mimi. Kila jioni aliniuliza kama kuna kitu. Kila jioni nilimwambia hakuna.

Ndugu wageni waalikwa, kilikuwepo. Barua ilifika siku ya nne. Niliifungua nikaisoma neno kwa neno: wamemkubali. Nikaipeleka stoo, nikaisukuma ndani ya soksi ya upepo ya akiba, mahali ambapo hakuna mtu anayeingiza mkono.

Kwa nini? Mke wangu Syprose ameniuliza hivyo tangu jana bila kupumzika. Ni kwa sababu nilitaka ashuke kwangu. Nilitaka Jumanne moja nisikie ndege, nitoe ng'ombe, nipunge kitambaa, na mlango ukifunguliwa atoke binti yangu, watu wote wakiona. Miaka yote hii nimewasafishia njia watoto wa watu, nikaona na mimi nina haki ya wangu, hata mara moja tu.

Kisha wiki iliyopita Bwana Meneja akaniita. Nilidhani nimebakiza miaka miwili kazini. Akaniambia kwa upole kwamba kiwanja kinafungwa, kitalimwa na kupandwa chai, nami nikapumzike. Ningependa kuwaambia kwamba nilitubu, Mchungaji angefurahi. Ukweli ni kwamba kiwanja kilifungwa, na uongo wangu ukabaki hauna kazi.

Hata hapo sikuitoa barua. Ila jana jioni Nyatichi hakuniuliza kitu. Alikuwa akikunja nguo zake, akasema, "Basi hawakunitaka, Baba. Labda mimi si rubani wa kuchaguliwa." Hakulia. Alisema tu, kama anayezungumzia mtu mwingine, nami nikaenda jikoni. Nikamweleza Syprose. Yeye akasema nisilimalizie jambo hili jikoni, nilitoe mbele ya waliochanga.

Nyatichi, wewe unayebeba jina la mama yangu, barua ni hii. Imekunjika lakini inasomeka. Wanakutaka ofisini Jumatatu saa mbili asubuhi na leseni yako, na asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Leo ni Jumamosi. Bwana Meneja, ile nafasi moja niliyokuomba kwenye gari lako la Nairobi, ukanikubalia bila kuuliza, ni yake. Mwanangu, wakubwa wanakungoja na wadogo wanakungoja. Chagua wewe. Mimi nilichagua mahali pako, na nimekukosea vibaya sana.

Haya, ameichukua. Hajaniangalia, na ni haki yake.

Mzee Kipruto, ng'ombe wako niliwalaumu bure. Mwezi huu mzima ng'ombe aliyesimama katikati ya kiwanja ni mimi, na hapakuwa na mtu wa kunifukuza. Nawashukuru nyote kwa mlivyochanga, kwa hii saa ya ukutani mliyonipa, na kwa kunisikiliza mpaka hapa mzee aliyewadanganya. Nyinyi mlio mlangoni, sogezeni viti. Mpisheni Nyatichi apite.