Mwaka wa Tatu wa Binti wa Fundi Cherehani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi, walimu wangu ambao nawajua mmoja mmoja kwa vijiko vya sukari, ndugu wazazi, wanafunzi mnaotuacha leo, na nyie wenzangu wa jikoni mnaochungulia dirishani, ingieni tu, hamjambo.

Mimi ndiye Mama Chai wa chumba cha walimu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msikae mkisubiri maneno makubwa. Nimeombwa nimuage binti yetu huyu wa mstari wa mbele, anayejifanya anakagua viatu vyake, ambaye amepata chuo cha mambo ya dawa na akapata na ufadhili juu yake. Na haya nitakayoyasema, mama yake kaniruhusu. Yule pale, kakaa na mto mgongoni.

Matokeo ya huyu mtoto mnayajua, yana mlima na shimo. Mwaka wa kwanza alikuwa wa pili, mwaka wa pili akawa wa kwanza, mwaka wa tatu akaporomoka mpaka wa thelathini na nane, na mwaka wa nne akarudi kileleni kama vile hakuna kilichotokea. Sasa wanaotoa ufadhili hawataki ule mwaka mzuri tu, wanataka yote minne. Ungekuwa wewe, ukaikuta hiyo thelathini na nane imekaa katikati, ungefikiria nini? Ungefikiria walichofikiria watu wa mtaa mzima. Na mtaa uliambiwa na nani? Na mimi.

Nyumba yao na yangu zinatazamana. Mama yake ni fundi cherehani, nusu ya sare zilizomo humu ndani zimepita mikononi mwake. Mwaka ule wa tatu nikaanza kuona pikipiki inasimama pale mlangoni jioni, siku tatu kwa wiki. Mwanamume kavaa helmeti, binti anatoka, wanasemezana, anampa mfuko, huyo anaondoka. Mtu mwenye akili zake angeuliza. Mimi nikajumlisha mwenyewe, na kesho yake nilipofika na birika chumba cha walimu, binti alikuwa tayari ana bwana, bado kupangiwa tarehe ya harusi tu. Walimu, msiangalie pembeni, mlikuwa mnasogeza viti.

Siku moja nikajiona jirani mwema, nikaenda kumweleza mama mtu. Nikapiga hodi huku mguu uko ndani. Nikamkuta mama kalala chali, godoro liko sakafuni, na binti yuko kwenye cherehani anashona sare, daftari la kemia kaliegemeza pale mbele, kalibana na mkasi. Mama anamwelekeza bila kugeuza shingo, mkono wa shati uanzie wapi, kola ikunjwe vipi. Alikuwa amepasuliwa mgongo. Miezi saba hakushona. Walificha kwa sababu wateja wangejua fundi kalala, vitambaa vingehamia kwingine, na mle ndani kuna wadogo wawili wanaotaka kula.

Na yule bwana wa pikipiki? Mjomba wake, tumbo moja na mama yake, anawapelekea wateja nguo zao. Mwanamume wa watu nimemwozesha mpwa wake.

Mama akaniomba nisiseme kwa mtu, nikaapa. Hapo ndipo nilipojua ubaya wa nilichofanya. Mimi nilinyamaza, lakini uongo wangu haukunyamaza, ulizunguka wenyewe, na kuufuta ilikuwa lazima nitoe siri ya watu. Basi nikauacha uzunguke.

Ukaja mwaka wa nne, kikao cha walimu, majina mawili tu ya kupendekezwa ufadhili. Mimi namimina chai. Mwalimu wa Nidhamu akasema yule binti kichwa anacho, ila ana mambo ya pikipiki, tukimpeleka atatuaibisha. Wenzake wakaguna kukubali. Kalamu ya Mwalimu Mkuu ikashuka kwenye jina. Nikajikuta nimemmiminia Mwalimu wa Kemia chai yote kwenye sahani.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "naomba usimkate."

Akavua miwani. "Mama Chai, hiki ni kikao."

"Najua. Lakini hiyo habari ya pikipiki niliianzisha mimi, na si kweli."

"Kweli ni ipi?"

"Nipe mpaka kesho. Si yangu kuisema."

Nilikwenda kwa yule mama na aproni yangu vile vile. Nikamwambia yote, na kwamba chanzo ni mimi. Alimalizia pindo alilokuwa anashona, akakata uzi. Kisha akasema walimu waje, atawaeleza mwenyewe. Wakaja. Na Mwalimu wa Nidhamu akaambiwa kwamba ile suruali aliyokuja nayo, anayoisifia kila Jumatatu, ilishonwa na binti huyo huyo, mwaka huo huo wa tatu. Aliishika pindo, akaligeuza kukagua mshono.

Jina likabaki. Kwenye fomu pana nafasi ya kueleza alama zilizoshuka, binti akataka aiache wazi, asionewe huruma. Mama yake akamwambia, "Waandikie ulichoshona, nguo ngapi, basi." Akaandika. Wakamchukua.

Lakini ndugu zangu, ufadhili umekuja na sharti. Alama zikishuka, hata mwaka mmoja, unakatika. Kule hakuna wa kumwekea birika chini akamtetea. Kwa hiyo naomba hapa mbele ya mgeni rasmi: mwenye shida ya nyumba ile, mgongo ukirudi kuuma, mdogo akiugua, sare zikirundikana, asimpigie simu yeye. Avuke barabara aje kwangu. Vifungo na mapindo mama mtu amenifundisha, vinakaa.

Na wewe mwanangu, nisamehe, leo nakuomba mbele za watu kwa sababu nilikuharibia mbele za watu. Najijua nilivyo, habari hainikai mdomoni. Mitihani ikifika na ukaona simu yangu inaita, usipokee. Hata nikipiga mara kumi.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu.